Nani Anamngoja Mtoto? Hotuba ya Walimu wa Darasa la Jumapili



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya darasa la Jumapili, nasi tumechagua kuyasema kwa Kiswahili. Sababu ya kwanza ni ya adabu: mgeni akiwa barazani, mwenye nyumba hazungumzi kwa lugha ambayo mgeni haifahamu. Sababu ya pili inahusu ufundishaji wenyewe, na tutaifikia baadaye.

Wazazi wanaoleta watoto wanaijua hali ilivyo. Chumba cha chini, cha watoto wadogo, hujaa kila wiki. Wanaimba herufi, ka, kha, ga, gha. Wanapaka rangi picha ya Ganesha. Wanagombania zamu ya kupiga kengele. Ukipanda ngazi hadi chumba cha wakubwa, unakuta mabenchi yenye nafasi. Mtoto akikaribia kumaliza shule ya msingi huanza kukosa Jumapili moja, kisha mbili, na mwishowe hatumwoni mpaka Navaratri. Ana masomo ya ziada, ana mechi, ana simu mkononi, na zaidi ya yote amechoka. Wiki nzima amekaa darasani, na siku ya mapumziko tunamwambia akae darasani tena.

Kutokana na hali hiyo, pendekezo limefikishwa mbele ya kamati, na litaamuliwa baada ya sherehe hizi. Linasema kwamba darasa lifundishe dini peke yake, tena kwa Kiingereza, na Kigujarati kiachwe nyumbani. Waliolitoa ni watu wanaolipenda hekalu hili, na hoja yao si nyepesi. Wanatukumbusha kwamba Bhagavad Gita yenye aya 700 imetungwa kwa Kisanskriti, na kwamba Hanuman Chalisa, ambayo watoto wetu huikariri kwa fahari, ni ya Kiawadhi, lugha ya Tulsidas, wala si ya Kigujarati. Wanasema pia kwamba hapa wapo waumini ambao wazee wao walisema Kipunjabi, Kikachi, Kimarathi au Kitamili. Kama Mungu husikia lugha zote, kwa nini mtoto ateswe na moja?

Tumeitafakari hoja hiyo kwa miezi kadhaa, na rai yetu ni kwamba lugha siyo inayowaondoa watoto. Mtoto huondoka anapogundua kwamba hakuna mtu yeyote anayekingoja kile alichojifunza. Amejua kusoma sentensi ya Kigujarati: amsomee nani? Amejua maana ya arati: nani amemuuliza? Akishajua kwamba hakuna anayengoja, hata mwalimu hodari hamzuii. Na ukimbadilishia lugha ukampa Kiingereza, utakuwa umemwondolea ugumu, lakini mngojaji bado hayupo. Baada ya mwaka mmoja mabenchi yatakuwa na nafasi zile zile.

Tuangalie hilo neno "nyumbani". Pendekezo linasema Kigujarati kiachwe nyumbani, kana kwamba nyumbani kipo kimekaa salama. Katika nyumba nyingi zetu bibi husema Kigujarati, mama humjibu kwa mchanganyiko wa lugha tatu, na mtoto hujibu kwa Kiingereza akiwa anaangalia kioo cha simu. Mtaalamu wa lugha Joshua Fishman, katika kitabu chake cha mwaka 1991 juu ya lugha zinazopotea, alisisitiza kwamba uhai wa lugha uko katika kurithishwa kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto nyumbani na mtaani, na kwamba shule peke yake haiwezi kuubeba mzigo huo. Tunakubaliana naye, na ndiyo maana hatudai kwamba darasa la saa mbili kwa wiki litafanya kazi ya nyumba. Tunachodai ni kidogo kuliko hicho: darasa limrudishe mtoto kwa bibi yake akiwa na jambo la kusema.

Wapo wazazi waliotushauri tutoe zawadi zaidi. Kila anayehudhuria Jumapili kumi apewe kitu. Anayekariri sura ya Gita apewe baiskeli. Ushauri huu ni wa nia njema, na sisi hatuzichukii zawadi. Lakini tungependa mlisikie jaribio moja lililofanywa Marekani na Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1973. Waliwachukua watoto wa shule ya chekechea ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti kizuri chenye nyota na utepe kama wangechora. Kundi la pili lilipewa cheti hicho bila kuahidiwa. La tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, kalamu zilipowekwa mezani na kila mtoto akaachwa achague mchezo, wale walioahidiwa cheti walitumia kama nusu tu ya muda wa wenzao katika kuchora. Ahadi ya cheti iligeuza mchezo kuwa kazi ya malipo, na malipo yalipokoma, kazi nayo ikakoma. Wale waliopewa cheti bila kutarajia hawakupungukiwa na hamu. Kwa hiyo wafadhili wa vitabu na peremende wasiache ukarimu wao. Tunachoomba ni kwamba usitangazwe kabla, wala mtoto asifundishwe kupatana bei na dini yake.

Maandiko yetu yalikwisha kulisema jambo hili zamani sana. Katika Katha Upanishad yumo kijana Nachiketa. Baba yake alikuwa akitoa sadaka ng'ombe waliokongoroka, wasio na maziwa wala nguvu ya kula majani, na kijana aliona aibu. Akamuuliza baba: mimi je, utanitoa kwa nani? Akauliza mara ya pili na ya tatu, mpaka mzee kwa hasira akajibu kwamba anamtoa kwa Mauti. Nachiketa akaenda. Alipofika nyumbani kwa Yama, mwenye nyumba hakuwepo, naye akangoja siku tatu usiku na mchana bila kupewa chakula. Yama aliporudi aliona haya kwa kumweka mgeni bila kumkirimu, akamruhusu aombe mambo matatu. La kwanza, kijana aliomba hasira ya baba yake itulie. La pili, aliomba kufundishwa ibada ya moto. La tatu, akauliza kinachompata mtu baada ya kufa. Hapo Yama akajaribu kumhonga: chukua ng'ombe, chukua tembo na dhahabu na farasi, chukua maisha marefu upendavyo, lakini usiniulize hilo. Kijana akavikataa vyote na kushikilia swali lake.

Tunapenda kuwasomesha watoto kisa hiki, lakini mara nyingi tunakisomesha kama sifa ya utiifu. Nachiketa hakuwa mtiifu kwa maana hiyo. Alimkera baba yake kwa maswali. Gita yenyewe ni majibu kwa mtu aliyejaa maswali, Arjuna, aliyeketi chini katikati ya majeshi mawili na kukataa kupigana mpaka aelezwe. Darasa la dini lisilo na swali la mtoto mwenyewe ni darasa la majibu ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Swali hilo litoke wapi? Kwa miaka mingi walimu tuliliandika ubaoni sisi wenyewe, tukalijibu sisi wenyewe. Kisha, siku moja ya Diwali, likatujia kutoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Mtoto wa jirani, Mswahili wa nyumba ya pili kutoka hapa, alikuja na rafiki yake kuangalia taa. Alisimama mlangoni, viatu mkononi, akatazama arati mpaka mwisho. Kisha akamuuliza mwenzake: kwa nini mnauzungusha moto mbele ya sanamu, halafu watu wanaupunga kwa mikono na kujipaka usoni? Mwenzake, ambaye alikuwa ameziona arati mia mbili katika umri wake, hakuwa na jibu. Jumapili iliyofuata alifika darasani mapema, na kabla hatujafungua daftari la mahudhurio alikuwa tayari ameuliza. Tulipoanza kumjibu kwa Kiingereza akatukatiza: yule rafiki aliuliza kwa Kiswahili, jibu atampelekea kwa Kiswahili, na neno la "baraka" analijua, lakini "kumtolea Mungu nuru" atalisemaje?

Kipindi kizima kilikwenda hapo. Tulizungumza juu ya taa yenye tambi tano, juu ya kuzungusha kwa mwelekeo wa mkono wa saa, juu ya desturi ya kupitisha viganja juu ya mwali na kuvipeleka machoni ili nuru iliyotolewa kwa Mungu imrudie mwenye kutoa. Wenzake wote walisikiliza, kwa maana kila mmoja alikuwa na rafiki ambaye angeweza kumuuliza kesho shuleni.

Ndiyo ile sababu ya pili ya sisi kusema Kiswahili leo. Kwa mtoto wetu, Kiswahili ni lugha ambayo watu humuuliza habari zake. Bibi humngoja kwa Kigujarati, jirani humngoja kwa Kiswahili. Kiingereza anacho, ni lugha ya mtihani, na hatukidharau. Lakini katika mtaa huu wa Mombasa hakuna mtu anayemngoja kwa Kiingereza mlangoni mwa hekalu.

Majirani zetu mnalijua jambo hili kutoka kwenu. Mtoto wa chuoni husoma herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya kuelewa anachosoma, na wapo wanaosinzia. Mwambie kwamba safari hii ni zamu yake kusoma katika Maulidi, mbele ya wazee na wageni, na usiku huo utamsikia akirudia mpaka mama yake amwombe alale. Vivyo hivyo kwa mtoto anayepangiwa kusoma somo kanisani Jumapili. Amepata mtu wa kumngoja, hata kama kitabu ni kile kile na lugha ni ngumu vile vile.

Na tuseme ukweli juu ya Navaratri. Vijana wanaolikimbia darasa hawakosi hata usiku mmoja kati ya zile tisa. Garba, ngoma yetu ya duara, iliandikwa na UNESCO mwezi wa Desemba 2023 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, lakini vijana wetu hawakuhitaji kuambiwa na UNESCO. Wanakuja kwa sababu duara linawahitaji. Anayejua hatua yuko mbele, asiyejua anaiga kutoka kwa aliye mbele yake, na hakuna anayeambiwa aketi kwanza mpaka afaulu mtihani. Nyimbo karibu zote ni za Kigujarati. Vijana wanaziimba kwa sauti kubwa bila kuelewa nusu ya maneno, na hakuna mwalimu aliyewahi kupata nafasi nzuri kuliko hiyo. Tangu mwaka jana, wiki tatu kabla ya Navaratri, chumba cha wakubwa husoma maneno ya nyimbo tu: nani anaitwa hapa, kwa nini taa imo ndani ya chungu chenye matundu, neno garbha lina maana gani. Wiki hizo tatu mabenchi hayana nafasi.

Hapa tungependa kukaa kidogo juu ya lugha yenyewe, maana wapo wanaoamini kwamba Kigujarati ni kigumu mno kwa mtoto aliyezaliwa Mombasa. Sisi tunaona kinyume chake. Kwa mtoto anayejua Kiingereza peke yake, ni kigumu kweli. Kwa mtoto anayejua Kiswahili cha hapa, nusu ya njia imekwisha kutembewa.

Chukueni sifa na majina. Kigujarati kina jinsi tatu, na sifa hufuata jina: mvulana mwema ni saro chhokro, msichana mwema ni sari chhokri. Mtoto wa Kiingereza hulalamika kwamba neno moja linabadilika bila sababu. Mtoto wa Kiswahili amekuwa akisema mtu mzuri, kitu kizuri na jambo zuri tangu alipoanza kusema, na ngeli zake ni nyingi kuliko hizo tatu. Mwambieni tu kwamba Kigujarati nacho kina upatanisho, atacheka kuona kuwa ni chache hivyo.

Chukueni matamshi. Watoto wa mahali pengine huhangaika kutofautisha pa na pha, herufi isiyo na pumzi na yenye pumzi. Mtoto aliyelelewa katika Kimvita husikia tofauti kati ya paa la nyumba na paa wa mwituni, kwa kuwa jina la mnyama hutamkwa kwa pumzi. Kimvita hutenganisha pia t ya kwenye meno na t ya nyuma ya meno, na Kigujarati nacho kinatenganisha t za namna hiyo, ingawa ile ya nyuma hukunja ulimi zaidi. Sikio ameshalipata mtaani, kwa bure. Ni mwalimu tu asiyelitumia.

Na jamaa! Somo hili watoto hulipenda kuliko yote. Kwa Kigujarati, dada ni babu, mzazi wa baba. Kaka ni ndugu wa baba, yaani baba mdogo au ami. Mama ni mjomba. Mwambie mtoto wa Mombasa kwamba katika lugha ya bibi yake mama ana masharubu, na hutapata shida ya kumfanya asikilize. Kicheko kikitulia huja jambo lililo zito zaidi: kwamba lugha hizi mbili zinamtenga mjomba na ami, shangazi na mama mdogo, kwa kuwa kila mmoja wao ana wajibu wake kwa mtoto, katika harusi na katika msiba. Kiingereza kimewatia wote katika maneno mawili. Mtoto aliyeelewa hilo ameelewa jambo la dini pia, maana dharma ya mtu kwetu huanza na nafasi yake katika ukoo.

Maneno nayo yamesafiri pande zote mbili. Pesa, gari, laki, bima, dobi, bangili, chapati na bajia yaliingia katika Kiswahili kutoka Bara Hindi. Nao mabibi zetu, wakiamini wanasema Kigujarati safi, huomba wapewe kisu, fagio na sufuria, na muhogo wanauita mogo. Waliokwenda kuishi Uingereza wameyachukua maneno hayo mpaka huko. Tunawapa watoto kazi ya kuyawinda maneno haya jikoni kwa bibi na kuyaleta darasani kwa orodha. Ni kazi ndogo, lakini haiwezi kufanywa bila kukaa na bibi na kumsikiliza kwa saa nzima, na bibi aliyesikilizwa kwa saa nzima hana shida ya kusema tena wiki ijayo.

Wale wakubwa, wa miaka 12 na kuendelea, wanahitaji kitu kizito zaidi ya mchezo wa maneno. Kwao tumeomba ufunguo wa kabati. Wengi wenu mnalijua lile kabati la ofisini lenye madaftari marefu ya jalada jekundu: orodha za michango, kumbukumbu za mikutano, hesabu za mafuta na maua. Yote yameandikwa kwa Kigujarati cha mkono, na wanaoweza kuyasoma bila taabu wamebaki wachache, tena wote wamevuka miaka 70. Mwandiko wenyewe una historia ya biashara. Kigujarati hakina ule mstari wa juu unaofunga herufi za Devanagari. Umbo hili jepesi lilikuwa la barua na daftari la hesabu, ndiyo maana zamani liliitwa mwandiko wa wafanyabiashara na wa mabenki, wakati vitabu vya fasihi viliandikwa kwa Devanagari. Kwa hiyo kijana anayesoma daftari la hekalu anausoma mwandiko katika kazi iliyoulea.

Tumejaribu kwa daftari moja. Tarakimu ziliwasumbua siku ya kwanza, kisha zikaeleweka. Tarehe zilikuwa tatizo zuri zaidi, kwa maana zilifuata mwaka wa Vikram Samvat, ambao huanza kwa Wagujarati siku inayofuata Diwali. Ili kupata mwaka wa kawaida unatoa 57 au 56, kulingana na mwezi. Mwaka wa Samvat 2008, kwa mfano, ulianza mwishoni mwa 1951. Vijana walibishana juu ya hesabu hiyo mpaka tukachelewa kufunga. Kisha msichana mmoja akasoma polepole, herufi kwa herufi, jina la mchangaji, akanyamaza, akasoma tena. Lilikuwa jina la babu wa baba yake, na mbele yake shilingi chache na neno shamba katika herufi za Kigujarati. Alinakili mstari ule kwenye karatasi akaenda nao nyumbani. Tangu siku hiyo amekuja yeye, na amekuja baba yake pia, ambaye hasomi Kigujarati na huketi nyuma na watoto.

Hakuna jipya katika njia hii. Chandogya Upanishad inasimulia habari za Satyakama, kijana aliyekwenda kuomba kufundishwa, na alipoulizwa ukoo wake alisema kweli kwamba mama yake, Jabala, haujui ukoo wa mtoto. Mwalimu alimpokea kwa ajili ya ukweli huo, lakini hakumwekea mkeka wa kukalia. Alimkabidhi ng'ombe 400 waliokonda, naye akaapa hatarudi mpaka wafike 1,000. Katika uchungaji ule, kutoka kwa fahali, moto na ndege, alijifunza yale aliyokuja kuyatafuta. Mahatma Gandhi naye, aliyeandika habari za maisha yake kwa Kigujarati, alipopendekeza elimu ya msingi katika mkutano wa Wardha mwaka 1937 alitaka mtoto afundishwe kwa lugha ya mama na kupitia kazi ya mikono. Sisi hatuna ng'ombe wala gurudumu la kusokotea pamba. Tuna kabati la madaftari, tuna jiko la prasadi, na tuna mlango ambao wageni huuliza maswali.

Juu ya shule tutasema kidogo tu. Nchini Kenya somo la Elimu ya Dini ya Kihindu lipo katika mtaala na hutahiniwa, nalo huwakusanya pamoja Wahindu, Wajaini, Wabudha na Masingasinga. Ni neema ambayo jamaa zetu katika nchi nyingi hawana. Lakini si kila shule ina mwalimu wake, na mtoto aliye peke yake darasani hupewa somo la dini nyingine. Anayetaka kulifanya somo hilo katika mtihani aje, tutamsaidia. Hata hivyo tusilifanye darasa la Jumapili kuwa masomo mengine ya ziada. Mtihani ukipita, mngojaji wa namna hiyo huondoka.

Basi tunaiomba kamati ilikatae pendekezo la kukiondoa Kigujarati, na badala yake iwape watoto kazi ndani ya hekalu, kazi za kweli ambazo zikikosa kufanywa zitaonekana. Wasomaji wa madaftari wawe vijana. Tangazo la kila wiki ubaoni, la Kigujarati na la Kiswahili, waliandike wao, pamoja na makosa yao; mzee atakayekerwa na herufi iliyopinda amwite aliyeiandika, wala asiisahihishe kimya kimya. Familia ambazo lugha yao ni nyingine zisione kwamba zimefungiwa nje. Mtoto wa Kipunjabi au wa Kitamili ana bibi pia, naye alete maneno ya bibi yake katika orodha ile ile. Zamu ya mlangoni ni ya Kiswahili, na hiyo ni ya wote.

Wazee, kwenu tuna ombi gumu kidogo. Mjukuu akianza sentensi ya Kigujarati na kukwama, msimwokoe kwa Kiingereza. Mngojeni. Itachukua muda, na sentensi itatoka na jinsi isiyo yake. Wala msimcheke mbele ya wageni; tumewapoteza watoto zaidi kwa kicheko cha mjomba kuliko kwa ugumu wa sarufi.

Na ninyi majirani, endeleeni kuuliza. Wengine wenu mmetuambia mnaogopa swali litaonekana kama dharau: kwa nini sanamu ina mikono minne, kwa nini kichwa cha tembo, kwa nini hamli nyama. Kwetu si dharau. Mtoto aliyeulizwa leo ndiye atakayekuja darasani Jumapili.

Kabati litafunguliwa Jumapili ijayo baada ya arati ya asubuhi. Mwenye barua ya zamani, daftari la duka la babu au kadi ya harusi ya Kigujarati ambayo hakuna nyumbani awezaye kuisoma, ailete. Tutaandika jina lake, vijana wataisoma, na itarudi kwake pamoja na tafsiri ya Kiswahili. Leo, kuanzia saa kumi mpaka wakati wa arati ya jioni, watoto wanane watakuwa mlangoni wakiwa na vitambaa vya njano mkononi. Wamejiandaa kwa wiki sita. Wa kwanza katika zamu ana miaka tisa, na amesema yuko tayari kwa swali lolote ila la kichwa cha tembo, kwa kuwa hilo amemwachia dada yake; tulipomuuliza ni dada wa Kiswahili au wa Kigujarati, akajibu kwamba tutamwona wenyewe tukija.